Jirani wa Upande wa Korongo

Kwa jina la Mola Mmoja, aliyemfinyanga mwanadamu kwa udongo na kuwaumba majini kwa moto, akawapa wote ardhi moja na kuwawekea mipaka. Rehema na amani ziwashukie mitume wake. Hadithi hii chimbuko lake ni Uvira, kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Nimeipokea kwa Maalim Ramazani, ambaye wazee wake walitoka Kasongo, naye aliyashuhudia mambo haya kwa macho yake. Naitoa kama nilivyoipokea.

Libérat na mkewe Émérance walikuwa watu wa Kalundu, karibu na bandari. Ziwa lilipopanda liliingia sebuleni mwao na halikutoka, nao wakahama na binti yao mdogo, Bella. Walipanga hapa na pale, hadi Libérat alipopata nyumba ya kununua katika mtaa tulivu juu ya mto Mulongwe, ambako mafuriko hayafiki na kelele za soko husikika kama uvumi. Émérance alipokanyaga kizingiti chake, alitamka kwamba hapo hatatoka tena ila kwa jeneza.

Siku ya kukabidhiwa, kwa desturi ya pale, majirani walisimama kila mmoja upande wake wa mpaka, wakanywa kasiksi, pombe ya ndizi, kutoka chungu kimoja, ili kesho asiwepo wa kusema hakujua. Upande mmoja tu haukuwa na mtu. Huko, kuelekea korongo, palikuwa na safu ya masale, mimea ya mpaka, na nyuma yake ukanda wa ardhi uliofagiliwa kama ua wa nyumba isiyoonekana. Mzee Ciza, aliyekuwa akiiuza nyumba, alimimina kinywaji kidogo nyuma ya masale. Libérat akamuuliza kwa mzaha kama jirani huyo naye hulewa.

"Kulewa hatujamuona," Mzee Ciza akajibu, asicheke. "Kunywa, anakunywa. Pale usiguse, mutoto wangu. Haiko yangu, na sikukuuzia."

Lakini ardhi iliyo wazi humsumbua mtu aliyenyang'anywa yake na maji. Kabla ya mwaka kwisha Libérat aling'oa masale, akajenga pale chumba cha Bella kwa matofali ya kuchoma, na dirisha la kutazama milima.

Lilianza jambo dogo. Émérance aliacha beseni la nguo nyuma ya chumba kile. Aliporudi, alilikuta kizingitini pa mlango wa mbele, nguo zimekunjwa vizuri huku zikichuruzika maji. Akadhani ni wema wa majirani. Baadaye ikawa ndoo, kisha jembe, kisha kuku aliyekuwa akiatamia kule, amewekwa mlangoni juu ya mayai yake, macho wazi, hatikisiki. Ikaja harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, katikati ya kiangazi. Na jua lilipokaribia kuzama, nyuma ya ukuta, upande wa korongo ambako mguu wa mtu hauna pa kukanyaga, ulisikika mchi ukitwanga sombe, majani ya muhogo, taratibu, kama wa mama asiye na haraka.

"Papa Bella," Émérance alinong'ona, "iko muntu kule nyuma."

"Kama anatwanga sombe, tumuombe sahani moja."

"Weye cheka. Minye nilienda kuangalia. Mchi ulinyamaza, kisha ukaanza tena nyuma yangu, mu chumba cha mtoto."

Asubuhi iliyofuata Bella hakuwa kitandani. Walimkuta kizingitini, amelala, amefunikwa shuka hadi kidevuni, mikono imekunjwa kama zile nguo za beseni. Libérat alisema watoto hutembea usingizini, akatia kufuli chumbani. Kulipokucha kufuli lilikuwa limefungwa vilevile, na mtoto alikuwa langoni, kando ya barabara. Émérance akataka kumlaza kwake, mumewe akakataa katakata kufukuzwa katika chumba alichokijenga kwa jasho lake, akatandika mkeka ukumbini na kuuziba mlango wa Bella kwa mwili wake, akakesha akinusa udongo uliozidi kuwa mbichi, akisikia mchi ukitwanga mara nje ya ukuta, mara ndani, mara chini ya sakafu, hadi kulipopambazuka akafungua na kukuta kitanda kitupu, na wapita njia wakaja kuwaita, kwa maana Bella alikuwa amelazwa kwenye mchanga wa mto Mulongwe, amefunikwa vizuri, na maji yakimgusa nyayo.

Émérance hakumuomba mumewe ruhusa. Ingawa alikuwa Mkatoliki, alikwenda kumwita Maalim Ramazani, ambaye alisoma dua mbele ya nyumba, akaweka kiganja juu ya ukuta, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akauliza masale yalikuwa wapi.

"Nimeitwa kumfukuza mgeni," akasema kwa sauti ya chini, "nami nimemkuta mwenyeji. Simfukuzi mtu kwake. Bomoeni, rudisheni mpaka, mpeni kinywaji chake. Huyu ana adabu: kila kisicho chake hukirudisha. Iogopeni siku atakayoacha kurudisha."

Wakabomoa. Émérance alibeba matofali kwa mikono yake hadi ngozi ikachubuka. Majirani walikuja, Mzee Ciza akamimina kasiksi, na kazi ya kupanda masale akaachiwa mwenye nyumba. Watu walipokwisha kuondoka, Libérat aliyatazama mashimo ya zamani, ambayo bado yalionekana. Akapanda masale mbele ya mashimo hayo, hatua moja kuelekea korongo. Hatua moja tu, alijiambia, fidia ya matofali.

Mchi ulinyamaza. Kuku walitaga. Émérance alianza tena kuimba akisonga bugali.

Mchana mmoja mweupe Bella alikuwa akicheza karibu na masale, mama yake akimwona kupitia dirisha la jiko. Aligeuka kuepua sufuria. Alipotazama tena, palikuwa na kandambili mbili, zimepangwa sambamba, katika ile hatua moja.

Walishuka korongoni na mtaa mzima, wakafika hadi mtoni na ziwani. Libérat alikiri mbele ya watu, akang'oa masale na kuyarudisha mahali pake, akamimina kasiksi chungu baada ya chungu. Ardhi ilikunywa yote.

Nyumba ile wanunuzi waliitaka. Émérance alikataa, hajatoka hata leo. Kila alfajiri hufungua mlango wa mbele polepole, akatazama kizingiti, na kukikuta kitupu. Kisha jua likikaribia kuzama huketi karibu na masale, upande wake, akasikiliza. Sasa hutwanga michi miwili: mmoja mzito, na mmoja mwepesi, unaokosea na kuanza upya, kama wa mtoto anayefundishwa.

Nanyi mliosikiliza, Mola awape nyumba zenye amani, awaridhishe na kipimo mlichopewa, na kila mfunguapo mlango alfajiri, awakutanishe na wenu wote, wazima. Amina.