Mfuko wa Pumzi

Jioni ile Mama Mapovu aliingia karakana ya fundi wa vifaa vya kuzamia akiwa amechoka mpaka roho. Miezi minne mizima alikuwa akitafuta mashine yake ya kwanza ya kurudisha pumzi, ile inayosafisha hewa unayoitoa na kukupa uivute tena, kisitoke hata kiputo kimoja majini. Kila muuzaji aliyemuuliza ipi inamfaa mtu anayeanza alimjibu neno moja: inategemea. Inategemea nini sasa? Inategemea. Jamani, mtu atavumilia mpaka lini?

Naye hakuwa anatafuta pambo. Ndani ya ufa wa mwamba mmoja baharini aliishi samaki mkunga mweupe ambaye Mama Mapovu alikuwa amemvizia na kamera kwa miaka mitatu, na kila mara viputo vyake vilimkimbiza. Ndipo wazamiaji wenzake wakambandika jina la Mama Mapovu, ingawa mumewe alisema lilimfaa hata nchi kavu, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kutoa povu. Mumewe hakupinga mashine. Alimwomba jambo moja tu, achague ile itakayomrudisha nyumbani mzima.

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache na sharti moja. Hauzi mashine mpaka mteja aketi kwenye kiti cha mbao, abane pua kwa kibanio, apumue ndani yake dakika tano za saa. Ikikusumbua, alisema, bora ikusumbue kwenye kiti kuliko chini ya maji.

Ya kwanza ilikuwa na mirija mifupi, shingo ikamkakamaa. Ya pili ilimkwaruza fizi, na kioo chake kikawaka taa nyekundu bila sababu. Mama Mapovu akaitema. Akaonyesha rafu ya juu, palipokuwa na mashine ya tatu chini ya shuka.

"Ile haiuzwi," fundi akasema. "Usiiguse."

Simu yake ikaita, akatoka nje kuipokea.

Sikio la kufa halisikii dawa. Mama Mapovu alikuwa amekwisha kuambiwa inategemea, subiri, rudi kesho, na sasa usiguse. Akapanda kigoda, akaishusha. Ikamkaa mwilini kana kwamba alipimiwa. Akafungua mtungi wake wa hewa, akabana pua, akaketi.

Dakika ya kwanza, shwari.

Ya pili, hewa ikaja na harufu ya... tumbaku. Yeye hakuwahi kuvuta sigara maishani.

Sasa, mashine hizi zina mfuko wa mpira unaokaa kifuani. Ukivuta pumzi, unanywea. Ukitoa, unavimba. Hakuna namna nyingine.

Mama Mapovu akavuta pumzi.

Mfuko ukavimba.

Akadhani ni macho. Akazuia pumzi kabisa, akautazama.

Ukanywea... ukavimba... ukanywea.

Kisha, ndani ya mrija, karibu kabisa na meno yake, mtu akakohoa. Kikohozi kidogo, cha kusafisha koo.

Akaung'oa mrija mdomoni, akaivua mashine yote. Ikabaki sakafuni ikihema taratibu. Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Hakugomba, na hilo lilimtisha zaidi.

Mama Mapovu ndiye aliyegomba. Kwa nini anaweka dukani kitu kibovu? Fundi akajibu kwamba hakina ubovu. Mwenye mashine, mvuta sigara mmoja, alikuwa anaanza kama yeye, akaketi kiti hicho hicho, na dakika ya nne akanyamaza. Daktari alisema ni moyo. Tangu hapo fundi alikuwa amebadilisha chokaa ya kusafishia hewa, mirija, hata mfuko, mara tatu.

"Si ungeichoma?"

"Inapumua," fundi akanong'ona. "Nichome kitu kinachopumua?"

Akaiinamia, halafu akamtazama usoni.

"Ulivuta tu, au ulitoa pia?"

"Mtu atavutaje bila kutoa?"

Fundi akainama tena. Alikuwa anautazama ule mfuko. Ulikuwa umelala, bapa, kimya.

Mama Mapovu alirudi nyumbani mikono mitupu, hasira zimemkaba. Mumewe alipomkaribia kumpokea mkoba, akarudi nyuma kidogo, akamuuliza ameanza lini kuvuta sigara. Mama Mapovu akamwambia aache utani, akaingia bafuni, akafunga mlango.

Upuuzi, akajiambia mbele ya kioo. Miaka kumi na mitano alikuwa mzamiaji, na kuzuia pumzi kwake ilikuwa kazi ya kila wiki. Akafumba mdomo. Akabana pua kwa vidole viwili. Akatulia.

Kifua chake kikavimba.

Kikanywea.

Mlango ukagongwa, polepole.

"Mke wangu," mumewe akasema, "huyo mwanamume anayekohoa humo ni nani?"