Gunia la Nyumba Mbili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Damari alianika kahawa kwenye mikeka nyuma ya nyumba. Ilikuwa mwaka 1956, kijijini chini ya mlima Rungwe, ambako mvua haina adabu: hupiga hodi ikiwa imeshaingia. Basi alianika, akaanua, akaanika tena.

Baba yake, mzee Asukile, alikuwa na mibuni michache. Jirani yao mjane, Alinanuswe, alikuwa na michache pia. Ghala la chama cha ushirika lilipokea magunia yaliyojaa tu, kwa hiyo kila msimu nyumba hizo mbili zilijaza gunia moja na kugawana fedha nusu kwa nusu. Mwaka ule fedha hizo zilingojwa kwa hamu. Damari na Yotamu, mtoto wa mjane, walikuwa wamefaulu kuingia shule ya kati, na bila ada hakuna aliyepokelewa.

Damari aliogopa kwamba fedha hazitatosha. Njiani aliwasikia watu wakisema kahawa yenye maji huvuta mizani. Siku ya kujaza gunia, akamimina kwanza kahawa yao ndani ya gunia ikiwa bado na unyevu. Juu yake ikaja kahawa kavu ya mama Yotamu. Damari akajiona mjanja, maskini.

Lori la chama lilikwama kwenye matope, likachelewa wiki nzima. Gunia lilipofunguliwa ghalani, harufu mbaya ilitoka. Mkaguzi alizamisha mkono hadi chini, akatoa punje zilizoota ukungu.

"Hii siichukui, mzee," alisema.

"Lakini yangu niliikausha vizuri," alisema mama Yotamu.

"Najua, mama. Ukungu umeshapanda mpaka juu. Rudini nayo."

Walipokuwa wakirudi, Damari alishindwa kuvumilia, akasema yote. Baba yake hakumpiga wala hakumkemea.

Kesho yake mzee Asukile alimpeleka mnadani ng'ombe wao wa pekee. Alirudi na kamba tupu begani, akapita moja kwa moja kwa jirani.

"Hizi ni fedha za sehemu yako ya kahawa," alisema.

"Ndaga, baba Damari," mjane alishukuru kwa sauti ndogo. "Na Damari je?"

"Damari atangoja. Fedha za ng'ombe zimeishia hapa."

Jioni mdogo wake Damari alilia akitaka maziwa, na hayakuwapo.

Shule zilipofunguliwa, Yotamu alipita na sanduku la bati kichwani. "Nikirudi likizo nitakufundisha niliyosoma," alimwambia Damari. Damari alijaribu kutabasamu, akashindwa. Yotamu alipopotea nyuma ya migomba, Damari alilia kwa uchungu.

"Baba, nilitaka fedha ziongezeke ili sote wawili tusome."

Mzee Asukile akaketi karibu naye. "Najua, mwanangu. Lakini ulidhani unampunja mnunuzi. Yeye aliikataa kahawa akaenda kula chakula chake. Uliyempunja ni jirani aliyefunga gunia moja nasi, na mdogo wako, na wewe mwenyewe. Fedha ya udanganyifu haijui kumchagua wa kumuumiza. Msimu ujao tutaanika tena. Ada yako itatoka kwenye kahawa kavu, hata ikichelewa."