Maji ya Josho

Kinasihi kilichobanwa kwenye ukosi wa Sajini Mwanakombo kiliona, kupitia ukuta, jambo ambalo jicho lake lisingeliona: mtu amevunja kufuli la tangi la akiba, na anateka.

"Nyuma ya zahanati, Sajini," kilisema kwa upole. "Madumu mawili."

Tangu mvua zilipouhama mji wa Fungujuu, kila askari alivishwa kinasihi, chombo kilichohifadhi sheria zote na hukumu zote zilizopata kutolewa. Chombo kikishauri, askari hutenda. Na haki isemwe: rushwa ilikoma, virungu vikaliwa na mchwa. Askari aliruhusiwa kukaidi, ila aliyekaidi alivuliwa kinasihi daima. Kwa Mwanakombo, mjane asiye na mtoto, hilo lilikuwa zito kuliko kufukuzwa kazi. Kwani chombo hicho ndicho kilichomwitikia salamu kila arudipo nyumbani, kikamuuliza amekula nini.

Alimkuta Mzee Badi, fundi viatu, ameinama bombani. Hakukimbia.

"Nikamate, mwanangu, sikatai. Lakini niache kwanza nimwoshe mke wangu Mize. Amefariki alfajiri."

"Inna lillahi," alinong'ona Sajini.

"Akamatwe, maji yarudi," kilishauri kinasihi. "Maiti atayamamishwe kwa udongo. Dini yenu yaruhusu, maji yakikosekana."

Mzee alicheka kwa uchungu. "Kidude chako kimesoma kumshinda imamu! Hebu kiulize kimezika wangapi."

"Maji hayakukosekana," alisema Mwanakombo. "Haya hapa, yananirowesha viatu."

"Ni ya wagonjwa, Sajini. Leo utamhurumia huyu kwa kuwa amekusihi. Kesho atakuja asiyejua kusihi. Utamnyima?"

Mwanakombo alimgeukia mzee.

"Nani atakumiminia?"

"Sina mtu. Majirani wamefunga milango. Nani ataka kuonekana kwenye josho la maji ya wizi?"

Mwanakombo alikibandua kinasihi ukosini, akakiweka juu ya tangi. Kilitoa mlio mmoja mfupi, kikazima. Kisha akanyanyua dumu.

Ndani ya chumba chenye harufu ya ngozi na karafuu maiti, mume alimwosha mkewe, kuumeni kabla ya kushotoni, na Sajini akamimina kidogo kidogo, tone lisipotee. Dumu la pili halikuguswa. Alilirudisha tangini kwa mkono wake.

Magharibi alifungua mlango wa nyumba yake.

"Assalamu alaykum," alisema kwa mazoea.

Nyumba ilinyamaza. Lile swali tu ndilo lililomfuata hadi kizingitini: utamnyima? Akasimama gizani, mpaka ikamjia salamu aliyofundishwa chuoni utotoni, ya mtu aingiaye nyumba isiyo na mtu. Miaka mingi hakuihitaji.

"Amani iwe juu yetu," alisema polepole, "na juu ya waja wema wa Mwenyezi Mungu."

Akavua viatu. Vilikuwa bado vibichi.