Uani Kwangu Si Sayari ya Wafu

Bomba lilikohoa gizani. Likakohoa tena, likapiga chafya, kisha likaanza kutema maji kwenye ndoo tupu iliyotegwa chini yake makusudi ili iamshe watu. Dada Pasi, kama wateja walivyomwita, aliruka kitandani kabla hajafumbua macho vizuri. Tangu Jumatatu maji yalikuwa yamekatika, na nguo za watu zilikuwa zimerundikana mpaka dirishani. Alimfunika vizuri binti yake Kiduchu, mtoto wa miaka sita aliyelala mdomo wazi, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka uani.

Alifua, akaanika, akapiga pasi. Adhuhuri ilimkuta sokoni, furushi la mashati kichwani, jasho likimchuruzika, amekasirikia idara ya maji, amekasirikia jua, na amemkasirikia kila aliyekuwa mbele yake.

Aliyekuwa mbele yake hasa ni mwanamume mrefu aliyesimama katikati ya ngazi za soko, simu ameiinua usawa wa macho, hapandi wala hashuki. Watu walimpita kwa mabega.

"Kaka, ngazi ni za kupandia. Picha kapige harusini."

"Samahani, dada. Kidogo tu. Nahesabu vidato."

"Kwani vimepotea?"

Akageuka. Alivaa shati la sare ya idara ya maji, kola imepinda upande mmoja, kifungo cha pili hakipo. Jicho la dobi huona hayo kabla ya sura. Sura nayo ilipofika, haikuwa mbaya.

"Kumbe ni nyinyi," akasema Dada Pasi. "Mnatusomea mita bomba likitoa upepo. Leo upepo umekwisha, mmehamia kusoma ngazi?"

"Mimi nasoma tu, dada yangu. Maji hayapiti mikononi mwangu." Lakini alicheka, akamgeuzia simu.

Kwenye simu zilikuwamo ngazi zilezile, na kidato chake kilichomeguka na chuma chake kilichopinda. Ila mbingu ilikuwa ya zambarau, ina miezi miwili, na mahali pa soko palilala mabaki ya chombo cha angani.

"Ni mchezo wa kompyuta," akaeleza. "Hadithi ya sayari iliyokufa, miaka elfu ijayo. Waliouchora hawakubuni majengo. Walipiga picha mijini, wakazipaka rangi zao. Sisi wachezaji tunashindana kutambua: hapa ni wapi hasa duniani? Na mimi kila uchochoro wa mji huu nimeinamia mita yake."

"Na hiyo miezi miwili, mmeitafuta mkaikosa?"

Msoma mita alicheka mpaka mchukuzi wa viazi akamkanyaga. Kisha akalitua furushi kutoka kichwani kwa yule mwanamke bila kuambiwa, akalipandisha mpaka juu, na walipofika juu alikuwa na namba yake ya simu.

"Hujambo, mwezi wangu wa pili?" ndivyo alivyoanza kila alipopiga.

"Sijambo. Na wa kwanza ni nani, nikamng'oe nywele?"

"Mama yangu."

"Hapo umeponea chupuchupu."

Jumapili zikawa zao watatu. Dada Pasi katika gauni lake la njano, Kiduchu na viatu vya kamba, na yeye akionyesha picha za mchezo: mnara wa maji uliogeuzwa kituo cha roketi, ukumbi uliofungwa uliogeuzwa hospitali ya roboti. Kiduchu aliwashinda wote. Alitambua mahali kwa ufa wa ukuta, akapiga kelele, "Mjomba Mita, ni hapa." Baba yake mzazi aliondoka mtoto hajaota jino, na mama alikuwa ameapa kutomfungulia mtu mlango. Lakini moyo wa mama hauchezi mbali na anayemfurahisha mwanawe. Ijumaa moja akamwambia Msoma Mita aje kunywa chai.

Alikuja. Aliingia uani, akaona ukuta mrefu wa matofali ya matundu, ngazi ya chuma iliyojizungusha kama parafujo, na kamba za nguo toka pembe hii hadi ile. Chai aliyopewa ikapoa mkononi.

"Mbona umekuwa bubu?"

"Pazuri hapa," akasema. "Naomba nipige picha moja."

Mwanamke akafurahi. Akanyoosha mashuka kambani, akapangusa uso kwa kiganja, akasimama kando ya ukuta.

"Sogea kidogo kushoto," akasema Msoma Mita kwa upole. "Kidogo tena. Hapohapo."

Alidhani ni mambo ya mwanga.

Kesho yake asubuhi vijana walikuwa wamejaa uani. Fulana nyeusi zenye mafuvu, simu juu, hakuna hata mmoja aliyebisha hodi. Mmoja alishavuta shuka kutoka kambani ili ukuta uonekane, shuka jeupe la watu, likawa sakafuni.

"Nyinyi ni akina nani? Nani kawafungulia?"

"Dada, sogea kidogo, unatuzibia."

"Nasogea niende wapi? Hapa ni kwangu."

"Hapa ni Shimo la Walanyama," akasema kijana, kwa heshima kabisa, kama anamjulisha habari njema. Akamwonyesha. Ndani ya simu ulikuwamo ukuta wake, umepakwa ute wa kijani. Mahali pa beseni lake palikuwa na lundo la taka. Kutoka dirisha la jikoni mwake, dirisha anapomtengea mwanawe uji upoe, viumbe vya meno marefu vilitoka vikitambaa. "Wachezaji wa dunia nzima wameshindwa kupatambua. Mtu mmoja tu, bingwa wetu, kapahangaikia mwaka mzima. Jana usiku kapaweka kwenye ramani."

Ramani ilikuwa na picha. Ukuta, mashuka, ngazi. Pale aliposimama yeye na gauni lake la njano, hapakuwa na mtu. Hakusogezwa kwa ajili ya mwanga. Alisogezwa atoke.

Nyuma yake akasikia kicheko. Mmoja wao alikuwa amechuchumaa mbele ya Kiduchu. "Toa meno, mtoto mzuri. Nguruma." Na Kiduchu, aliyefundishwa kuwatii wakubwa, akatoa meno, akanguruma, simu zikamulika.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mwenyeji huyu alipona kwa ufagio wa chelewa. Aliwachapa miguu mmoja baada ya mwingine mpaka getini, akafunga, akampigia Msoma Mita simu.

"Mwezi wangu wa p—"

"Usiniite hivyo. Asubuhi hii uani kwangu walijaa watu."

"Wamefika tayari?" Sauti yake ilikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi. "Nilitaka nije nikwambie mwenyewe. Kwenu kumo ndani ya mchezo, mpenzi. Dunia nzima—"

"Dunia nzima inaona mimi naishi jalalani. Mimi, ninayefua uchafu wa mji huu. Huo ukuta naupaka chokaa kwa mkono wangu. Wamekuja lini hao wachoraji wako? Nani aliwafungulia? Pengine nilikuwa naanika, nikawaona na kamera, nikawaambia karibuni. Wakauona ukuta, mimi hawakuniona. Na wewe umefanya vilevile."

"Sikufikiria—"

"Wamemngurumisha mwanangu kama jini, wakampiga picha wakicheka."

Dada Pasi akausimamisha ufagio ukutani.

"Nijibu moja," akasema. "Ulikuwa unanitafuta mimi, au ukuta?"

"Ukuta niliutafuta kabla sijakujua, lakini—"

Alikata. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na yeye ambaye hukagua kila mfuko kabla ya kufua hakuukagua huu.

Waliendelea kuja. Waliruka ukuta, walibisha wakati mtoto analala, waliuliza choo kiko wapi. Mwalimu mmoja, mteja wake wa zamani, alikuja kuchukua mashati yake na hakuleta mengine. "Si wewe, mama," alisema. "Ni hii zahama." Kiduchu akaacha kucheza uani. Alikula uji wake chini ya meza, mbali na dirisha.

Msoma Mita alipiga, hakupokelewa. Akatuma ujumbe wa sauti, na mwanamke aliusikiliza akipiga pasi, kwa nia ya kuukasirikia.

"Nimepafuta kwenye ramani. Haikusaidia, wengine walishanakili. Nikawaandikia kwamba pale wanaishi watu, mama na mtoto. Wameniuliza kama hao watu wana mavazi ya kuigizia." Akavuta pumzi. "Mimi ndiye niliyewafundisha kuona kuta tu. Sikuombi unijibu."

Aliunguza kola ya shati akasonya. Maji yakimwagika hayazoleki, akasema kwa sauti, ijapokuwa chumbani hapakuwa na wa kumsikia.

Halafu siku moja hakuja mtu. Kesho yake pia hakuja mtu. Uani pakarudi kuwa uani, na yeye hakujua amshukuru nani.

Alijua alipopeleka mapazia upande wa pili wa mji. Katika kichochoro chembamba aliona fulana nyeusi zimejazana mbele ya nyumba ndogo yenye ukuta wa matofali. Kibarazani alisimama mama mtu mzima, mnene, amekunja mikono ya blauzi, beseni la maji kiunoni.

"Rudini nyuma," alikuwa akisema kwa utulivu. "Anayevuka kizingiti anaoga."

Mmoja akavuka. Akaoga. Wengine wakarudi nyuma.

Yule mama akamwona Dada Pasi na mapazia yake, akamtazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye mwezi wa pili. Mimi ndiye wa kwanza. Pita, mwanangu, wewe hulowi."

"Mama, hawa wamefikaje kwako?"

"Mwanangu aliketi hapo akaniomba ruhusa. Akasema, mama, nataka nitangaze kwamba nilikosea, kwamba ule ukuta ni huu wetu. Nikamuuliza, watakuja wengi? Akasema wengi. Nikamwambia walete, beseni ninalo." Akajaza tena maji. "Sasa kuna waliouchunguza wakaona matofali hayafanani. Wanamwita kipofu, mwongo, wamemvua ubingwa, na hawaamini tena neno lake lolote, hata lile la ukuta wako. Juzi hakula. Nikamwambia, kula, ubingwa haushibishi."

Msoma Mita akatoka ndani, amevaa singlendi, akamwona, akasimama mlangoni.

Dada Pasi alikuwa ameandaa maneno mengi makali, na hakuona sababu ya kuyapoteza bure. "Kwa hiyo mama yako uliweza kumwomba ruhusa. Mimi je?"

"Wewe sikukuomba. Nilikusogeza kushoto."

Hakulitarajia jibu hilo. Akaweka mapazia kwenye kiti.

"Hilo ndilo ninaloombea msamaha," akaendelea. "Si ukuta. Uliniuliza nilikuwa natafuta nini. Ukuta niliutafuta mwaka mzima. Wewe sikukutafuta. Ulinitukana kwenye ngazi nikiwa na shughuli zangu, na tangu siku ile kila nikifika mahali pazuri nakupigia simu. Ila siku ile ya chai macho yalinipofuka."

"Bado nimekasirika."

"Najua."

"Nitakasirika muda mrefu. Nawakasirikia na hao waliochora, siku nikiwajua watanijua."

"Nitakubebea furushi ukienda." Akasita. "Naomba ruhusa nije kwako kuuliza jambo. Nikiwa nimevaa vizuri."

"Jambo gani?"

"La kuulizwa na mtu aliyevaa vizuri."

Mama mtu akakohoa kibarazani. Dada Pasi akatazama pembeni ili tabasamu lisionekane. "Mimi nimeshakusikia. Lakini si mimi uliyemngurumisha. Kule kwangu tuko wawili, na mwenzangu siku hizi anakula chini ya meza."

Alikuja Jumapili jioni. Shati jeupe, suruali imepigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, mistari miwili kila mguu. Kichochoro kilikuwa na tope, viatu vyake vikawa nalo. Hakushika simu. Alibisha, akabaki nje ya geti hata lilipofunguliwa.

Aliyefungua ni Kiduchu. Mama yake alisimama kambani na shuka mikononi, na alikuwa ameamua kutosaidia upande wowote.

Mwanamume alichuchumaa mpaka macho yakalingana.

"Kiduchu, nilileta watu kwenu bila kuwauliza. Wakakufanya jini, na wewe si jini. Nilikosa. Nataka kumwoa mama yako, nije niishi hapa nanyi, mkinikubali. Ukisema hapana, nitarudi nilikotoka na sitakununia."

Kiduchu alimtazama usoni, polepole, vile anavyotazama nyufa. Akamtazama mama yake, mama akatazama shuka. Akateremsha macho mpaka miguuni pa mgeni, kisha akalisukuma geti mpaka mwisho.

"Vua viatu, tumepiga deki."