Nani Kafunga?

Ndugu zangu mnaoishi ukuta kwa ukuta na watu, haya yalitokea mtaani kwetu, katika nyumba ambayo sote tuliijua kwa kupenda redio.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na sebule. Mwenyewe ni mama mjane, mshonaji, tuliyemwita Mama Fundi. Cherehani yake ilikaa dirishani, na juu ya kabati palikuwa na redio kubwa aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mwanawe mkubwa alikuwa mchomeleaji wa mageti, na jina lake la mtaani lilikuwa Chuma. Binti yake, mdogo wa Chuma, alikuwa msusi. Mikono yake ilikuwa myepesi hata wateja wakasinzia kitini.

Jumamosi moja alasiri mama alikuwa akipinda sketi, binti akichambua vifungo kwenye kopo. Walikuwa wakimcheka mteja mmoja aliyekataa kupimwa, akang'ang'ania ashonewe kwa vipimo vyake vya kabla ya kuolewa. Mara geti likapigwa teke.

Mama hakuuliza ni nani. Aliinuka, akaenda kabatini, akapandisha sauti ya redio.

Msomaji wangu, hapo usipapite haraka. Hakukimbilia mlango wala hakumkimbilia binti yake.

Chuma aliingia akiyumba, ananuka pombe kali.

"Nimesikia vicheko. Mlikuwa mnamcheka nani?"

"Hatukucheki wewe, kaka."

Kofi la kwanza lilimtupa binti juu ya kopo, vifungo vikatapakaa sakafuni. Kisha yakaja mateke ya mbavu. Mama alimvuta mwanawe shati huku akimbembeleza, "Basi baba, inatosha, mwanangu, inatosha." Redioni mtangazaji alikuwa akieleza kwa furaha namna ya kumwagilia mboga. Sisi majirani tukajifunza kumwagilia mboga siku ile.

Jumatatu binti alifika saluni na jicho limevimba. Alisema ameteleza bafuni. Wiki iliyofuata akateleza tena. Sabuni ya nyumba ile ilikuwa na utelezi wa ajabu, na hakuna aliyeuliza inanunuliwa duka gani.

Tusimwonee Chuma pia. Asubuhi, pombe ikimtoka, alikuwa mtoto wa kutamaniwa na kila mzazi. Alimwomba mama radhi kwa machozi, akapiga magoti kukaza kanyagio la cherehani lililolegea. "Sirudii, mama," alisema, na nadhani alimaanisha. Ikifika alasiri kiu ilimshika, na yule wa asubuhi humwoni tena.

"Mama, tuwaambie watu," binti alisema siku moja. "Tumwite hata mjomba."

"Wakishajua, nani atampa kazi? Nani atamwoza binti yake? Mvumilie, ni kaka yako."

"Na mimi je?"

Mama alijifanya anatafuta tundu la sindano.

Basi ikafika Jumapili ya mpira. Tangu Ijumaa Chuma alikuwa amefukuzwa karakana, maana mikono ilimtetemeka akaharibu geti la mteja. Alasiri ile aliamka, akaingiza mkono uvunguni mwa kitanda, akaikuta chupa yake tupu.

"Nani kamwaga?"

"Mimi," binti alisema. "Nimechoka, kaka."

Chuma alimshika nywele, akamburuta mpaka kwenye meza ya kushonea. Akamgandamiza mkono wa kulia juu ya mbao, na kwa mkono wake mwingine akanyanyua pasi ya chuma. Mama, kwa mazoea yale yale, alikuwa tayari kabatini. Redio ikapanda mpaka mwisho.

Pasi ikashuka.

Wakati huo huo goli lilifungwa, uwanja mzima ukalipuka. Seremala wa nyumba ya pili, mpenda mpira asiye na redio, akagonga ukuta kwa shangwe.

"Mama Fundi! Nani kafunga?"

Na mama, Mungu amsamehe, akamjibu kwa ile sauti yake ya kila siku, "Hata sijasikia vizuri, jirani!"

Pasi ikashuka mara ya pili. Mama akageuka, akamwona mwanawe wa kike kinywa wazi, mishipa ya shingo imemtoka, damu inachirizika mezani. Alikuwa analia kwa nguvu zake zote, na mama yake, aliyekuwa hatua chache tu kutoka pale, hakuisikia sauti yake.

Akauzima mpira.

Kilio kile kikatoka mpaka barabarani. Kisha ikaja sauti ya mama, ambayo hatukuwahi kuisikia ikipanda hivyo: "Njooni! Chuma anamuua mdogo wake! Chuma, mwanangu, anaua!"

Seremala aliuvunja mlango kwa bega. Chuma akampasua paji la uso kwa ile pasi, damu ikamjaa machoni, lakini seremala hakumwachia. Wanaume wengine wawili tukaingia, tukaanguka naye sakafuni, akatuuma, akatutukana matusi ya kila aina. Kitambaa cha kumfungia mikono alikileta mama mwenyewe.

Hospitali waliokoa mkono, vidole vitatu vikabaki vimepinda. Mama alikaa kando ya kitanda analaani pombe, anawalaani wauzaji, analaani marafiki wa Chuma. Binti alimwacha amalize.

"Mama," alisema, "kaka alikuwa amelewa. Wewe ulikuwa mzima."

Mbele ya hakimu mama alisema yote, na habari ya redio hakuificha. Chuma alitumikia kifungo, sasa yuko kwenye nyumba ya kutibu walevi, na mama humtembelea. Binti bado hajaenda, wala hatumlazimishi. Siku hizi anawaelekeza wasusi wachanga kwa mdomo, maana vidole havikunjuki tena.

FUNZO

Ulevi wa mtu mmoja huwapa watu wa nyumba nzima kazi ya kuuficha. Mama alidhani anamsitiri mwanawe, kumbe alimpa nafasi ya kumpiga dada yake bila kusikika. Mlevi wenu mpendeni, lakini msimfichie. Mtangazeni angali anaweza kutibiwa, na asiyelewa alindwe kwanza.

Nasi majirani tumejifunza letu. Seremala ana kovu kubwa usoni, na mpira anaupenda vile vile. Ila redio ya mtu ikipanda ghafla, siku hizi hagongi ukuta kuuliza nani kafunga. Anavaa viatu, anakwenda mlangoni, anapiga hodi mpaka afunguliwe.