Polepole, Fundi

Jua lilikuwa linazama shemeji yangu alipoingia uani kwangu akisukuma toroli. Ndani yake, chini ya gunia, mlikuwa na mashine ya boti. Ndogo, kuukuu, ya zile za kuchanganya petroli na oili, rangi imebanduka mabaka mabaka.

"Shemeji, niangalizie hii," akasema akihema. "Inawaka, inazima. Inawaka, inazima. Kama mtu asiyejua anachotaka."

Nikamwuliza aliyemuuzia alisemaje. Ni mtu wa ng'ambo ya ziwa, akaniambia, mtu mkimya. Aliitoa haraka, kama anayetua kaa la moto. Alisema mkewe amesafiri, hana tena wa kumvusha.

Mimi ni fundi wa mashine ndogo: pampu, jenereta, pikipiki. Mashine mbovu hainitishi. Kilichoninyima raha jioni ile ni dada yangu, mke wa shemeji, aliyekuwa amelala chumba cha ndani na mimba iliyokomaa. Hospitali iko ng'ambo, na boti ya abiria haivuki jua likishazama. Uchungu ukimjia usiku, tegemeo letu lilikuwa limelala kwenye lile toroli.

Nikaifunga mashine kwenye ukingo wa pipa, nikajaza maji hadi propela ikazama. Nikaanzia pale fundi yeyote anapoanzia. Mafuta: nikamwaga ya zamani, nikachanganya mapya. Plagi: nikaisugua, nikaigusisha na chuma, nikavuta kamba. Cheche ya bluu, safi. Kabureta nikaifungua, nikaipuliza. Nikaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, nikavuta kamba, upepo ukakisukuma nje kwa nguvu. Mashine nzima. Haina ugonjwa.

Nikavuta kamba. Ikanguruma. Shemeji akatabasamu.

Kisha sauti ikashuka... ikashuka... ikawa nzito, kama ya mtu anayeongea huku amezibwa mdomo.

Ikazima.

Mara ya pili vile vile. Ya tatu vile vile. Na maji ya kupoza, yanayopaswa kuruka nyuma kama mkojo wa mtoto, hayakutoka hata tone.

"Kuna kitu kimejizungusha huku chini," nikasema. Shemeji akaitwa ndani, dada alitaka kugeuzwa ubavu. Nikabaki peke yangu na taa yangu ya kichwani.

Nikaitoa mashine pipani, nikachomoa propela. Nyuma yake, kwenye mhimili, kulikuwa na kitu cheusi kimejisokota. Nikadhani ni uzi wa nyavu, maana nyuzi zimeua mashine nyingi. Nikaushika, nikavuta.

Haukuwa uzi.

Zilikuwa nywele. Ndefu, zimesukwa. Zilinukia mafuta, kama zimepakwa asubuhi ile ile. Nikavuta tena. Zikaja. Zikazidi kuja... na kadiri zilivyokuja, ndivyo zilivyozidi kuwa na joto.

Nikachukua kisu.

"Usikate."

Sauti ilitoka nyuma yangu, upande wa ukuta. Sauti ya mwanamke, ya chini sana.

"Polepole, fundi. Unaniumiza."

Nikageuka taratibu. Alisimama pale mwanga wa taa unapoishia, kitambaa kichwani, mikono yote miwili imeshika kisogo, kama mtoto anayesukwa na mtu asiye na huruma. Maji yalikuwa yanamtiririka. Udongo chini ya miguu yake ulikuwa mkavu.

"Nilimwita," akanong'ona. "Nilimwita azime. Akaongeza mwendo."

Nilitaka kukimbia. Lakini aliongea kama mtu mwenye maumivu, si kama mtu aliyekuja kwa ubaya. Nikaweka kisu chini. Nikapiga magoti, nikaanza kuzifungua, msokoto baada ya msokoto. Kila zilipokwama alivuta pumzi kupitia meno.

"Pole, mama," nikawa nasema. "Pole. Zimebaki kidogo."

"Atakayepanda ni nani?" akauliza.

"Dada yangu. Ni mjamzito."

Msokoto wa mwisho ukaachia, ukaniteleza mkononi kama samaki, ukaenda. Nilipoinua taa, ukutani hapakuwa na mtu.

Mlango wa ndani ukafunguka. Shemeji alisimama kizingitini, uso umempauka.

"Chupa imepasuka," akasema.

Ningemwambia nini? Nikarudisha propela, nikaipakia mashine kwenye toroli, tukashuka ziwani, dada amemwegemea mumewe, akisimama kila uchungu ulipombana. Tukaifunga mashine kwenye boti ya jirani. Nikavuta kamba mara moja. Ikawaka, na maji ya kupoza yakaruka.

Katikati ya ziwa, giza limekwisha kutanda, sauti ya mashine ikashuka kidogo. Shemeji alikuwa mbele na tochi, mimi nyuma nimeshika usukani. Dada alilala katikati, peke yake, kwenye kigodoro.

"Kaka," akanong'ona.

"Naam."

"Mwambie huyu mama asiniachie. Mikono yake ina ubaridi mzuri."

Nikamtazama. Kichwa chake hakikugusa godoro. Kilikuwa kimeinuka kidogo, kama kimepakatwa.

Sikuthubutu kuongeza mwendo.

Mashine haikuzima. Mtoto alizaliwa alfajiri, wa kike, mzima kabisa. Baadaye nilikwenda polisi kueleza nilichosikia. Waliniuliza ushahidi uko wapi, na aliyeniambia yuko wapi. Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Jioni moja, dada akiwa amekwisha kurudi kwangu na mwanawe, mtu akabisha hodi. Sikuwahi kumwona, ila shemeji alishanielezea sura yake, nikamtambua: ndiye aliyetuuzia mashine.

"Nimesikia ile mashine sasa inawaka," akasema.

"Inawaka."

"Haizimi?"

"Haizimi."

Macho yake hayakutulia. Yalikwenda kwenye pipa, mlangoni, kwenye pipa tena. Akalamba midomo, akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Alinitaja?"

Sikuwa nimemwambia neno juu ya mtu yeyote.

"Kamwulize mwenyewe," nikasema.

Nilidhani atanirukia, au atalia. Hakufanya lolote. Akageuka, na badala ya njia aliyojia akashika ile ya ziwani, taratibu, kichwa kimeinama.

Nikaingia ndani, nikafunga komeo. Dada alikuwa ananyonyesha karibu na dirisha.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mtu mmoja tu, amekwisha kwenda."

Akatega sikio nje.

"Mmoja?" akasema. "Mbona nimesikia wawili wakiondoka?"