Daftari la Mvua ya Mawe

Kila siku ya majira ya joto, saa sita kasorobo mchana, Tilka aliacha kazi yoyote aliyokuwa nayo na kumpelekea babu yake, mzee Blaž, chupa ya maji yaliyotiwa siki kidogo. Alimkuta chini ya mnara wa kanisa, akipangusa viganja kwenye suruali kabla ya kushika kamba ya kengele. Kengele ilipolia, watu waliokuwa mashambani walisimama katikati ya mizabibu wakasali Malaika wa Bwana, kisha wakaenda kula. Tilka wa leo ni mama mtu mzima mwenye mvi, lakini akisikia harufu ya siki tu anaiona ile kamba, nyeusi na laini kwa mikono ya miaka mingi, na moyo unamjaa hamu ya kurudi kule.

Kengele ile ilikuwa na kazi nyingine. Wingu zito lilipotokea nyuma ya kilima, mzee Blaž alikimbilia mnarani, akapiga mfululizo mpaka wingu lipite. Wazee wa vilima vile vya Slovenia waliamini kwamba mlio wa kengele iliyobarikiwa huvunja mvua ya mawe kabla haijaangukia mizabibu. Baba yake Blaž alipiga, na babu yake pia.

Kisha akaja paroko mpya, Padri Vinko, mtu mrefu mwenye miwani. Jumapili moja alimwita mzee Blaž kando.

"Mzee wangu, bonde la pili hapo mpiga kengele amepigwa na radi akiwa ameshika kamba. Ameacha mke na watoto. Mimi nataka kuufunga mnara wakati wa radi."

"Baba Paroko, ukiufunga, zabibu zetu utazilinda kwa kitu gani? Kwa miwani?"

Padri alicheka. "Basi nipe sababu. Nionyeshe kwamba kengele inazuia mawe, nami nitakuachia ufunguo."

Mzee Blaž alirudi nyumbani na jibu tayari. Macho yake yalikuwa yamechoka, hakuweza kusoma maandishi madogo, lakini alikuwa na mjukuu wa miaka kumi na miwili mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani.

"Tilka, chukua daftari. Kila wingu likija, andika tarehe, andika kama nimepiga kengele, na andika kilichoanguka. Mwisho wa Agosti tutampelekea Padri."

Tilka aliifanya kazi ile kwa fahari. Shuleni, enzi zile za ukomunisti, walikuwa wakiambiwa kwamba dini ni mambo ya watu wa kale, na mtoto wa jirani, Drago, hakukosa la kusema.

"Eti babu yako anayapigia mawingu kengele. Yaingie darasani, au yatoke mapumziko?"

"Utaona mwenyewe," alijibu Tilka. "Naandika kila kitu."

"Andika basi. Na ukishindwa, usije ukasema shetani ameficha penseli."

Mawingu yalikuja, Tilka akaandika. Mwezi wa Julai mzee Blaž aliumia mguu akalala wiki mbili, na hakuna aliyepiga kengele. Agosti ilipokwisha, Tilka aliketi jikoni, mama yake akikoroga supu ya maharage, akaanza kuhesabu. Wakati kengele ilipopigwa, mawingu yalikuwa tisa, na mawe yalianguka mara tatu. Wakati babu alipokuwa kitandani, mawingu yalikuwa matatu, na mawe yalianguka mara moja.

Alihesabu tena. Kati ya kila mawingu matatu, moja lilikuja na mawe, kengele ilie isilie. Kama kengele haifanyi kitu, babu ataweka wapi uso wake? Na lilikuja wazo baya zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa apokee Kipaimara mwezi uliofuata. Kama hili la kengele si kweli, je, na yale mengine yote aliyofundishwa? Pengine Drago alikuwa sahihi. Tilka aliogopa wazo lile hata hakuthubutu kulisema kwa sauti.

Akachukua kifutio. Mara mbili mawe yalikuwa yameanguka upande wa juu tu wa kilima, mbali na nyumba ya Padri: tarehe kumi na nane Julai, babu alipokuwa ametoka tu kitandani, na tarehe tano Agosti. Akafuta neno "mawe" mara zote mbili, akaandika "mvua tu". Sasa hesabu ilipendeza.

Jumapili, baada ya misa, waliketi watatu kwenye meza ya jikoni ya Padri, mbele ya mkate wa kokwa za jozi. Mzee Blaž alikuwa amevaa koti lake la sikukuu. Alilisukuma daftari mbele kama mtu anayetoa zawadi. Tilka alitazama makombo.

Padri alisoma kwa sauti, mstari kwa mstari. "Julai tarehe kumi na nane. Kengele imepigwa. Mvua tu."

"Hebu rudia hapo," alisema mzee Blaž.

Padri akarudia.

Mzee alimtazama mjukuu wake. Kisha akavua kofia aliyokuwa amesahau kuivua. "Hapana, Baba Paroko. Siku ile yalianguka mawe. Nilikuwa mnarani, kamba mkononi, nikayasikia yakigonga mabati ya nyumba za juu kilimani. Mstari wangu wa juu wa mizabibu wote uliisha."

Babu yake alikuwa ameiangusha kengele yake mwenyewe, kwa maneno machache, bila kulazimishwa na mtu. Baada ya hapo kunyamaza kulimshinda.

"Na tarehe tano Agosti pia," alisema, machozi yakimtoka. "Nimefuta mimi. Nilitaka ushinde, Babu."

"Nilikwambia uandike," mzee alisema taratibu. "Sikukwambia unishindie."

"Lakini kengele haifanyi kitu! Nimehesabu. Na kama hili si kweli, basi..."

Padri Vinko alivua miwani akaifuta kwa leso, bila haraka. "Basi labda hata Mungu hayupo. Ndilo lililokukaa rohoni?"

Tilka alitikisa kichwa kukubali. Alingoja kuambiwa kwamba hatapokea Kipaimara.

"Sikiliza, mwanangu. Kanisa halijakwambia kengele inavunja mawingu. Hiyo ilikuwa desturi na matumaini ya watu wenye hofu. Umeipima, imeonekana si hivyo, basi tuiache. Mungu aliyekupa imani ndiye aliyekupa akili ya kuhesabu. Hakutaka tuiache mlangoni pa kanisa pamoja na miavuli. Kweli haigombani na kweli, kwa hiyo uliza, hata mimi niulize."

"Nitajuaje sasa kipi niamini?"

"Mama yake babu yako aliitwa nani?"

"Rozalija."

"Ulimwona?"

"Hapana. Babu aliniambia."

"Na kwa nini unamwamini?"

Tilka alimtazama mzee Blaž, na kofia yake magotini. "Kwa sababu hasemi uongo. Hata pale ambapo uongo ungemsaidia."

"Umejibu swali la Kipaimara," alisema Padri. "Akili inaweza kututazamisha ulimwengu huu na kutufanya tuulize umetoka kwa nani. Lakini mengi tunayoamini tumeyapokea kwa mashahidi, watu walioona wakasema, na hawakufuta hata pale ilipowagharimu. Imani haina haja ya kifutio chako, Tilka. Kila anayedanganya ili kuitetea anaibomoa, maana kesho nani atamsadiki shahidi?"

Mzee Blaž alikohoa. "Na ufunguo, Baba Paroko?"

"Ufunguo chukua. Utapiga wingu likiwa bado ng'ambo ya kilima, watu waingize ng'ombe na nguo, na anayetaka asali. Ukisikia radi ya kwanza, uwe umeshashuka."

"Miguu yangu hii?"

"Basi piga mapema zaidi."

Tangu siku ile kengele ililia mapema, na hakuna aliyepigwa na radi kijijini kwao. Tilka alipokea Kipaimara akiwa na maswali yake, na aliendelea kuyauliza. Drago alipomuuliza daftari limesema nini, alimwambia hesabu yote, pamoja na mistari miwili aliyoifuta.

Babu yake aliondoka duniani zamani. Daftari bado limo kwenye droo ya Tilka, na mara nyingine huwasomea wajukuu zake. Kwenye mistari ile miwili karatasi imechakaa kwa kifutio, na juu yake kuna herufi kubwa za wino, zilizopinda, za mtu asiyeona vizuri: "Mawe. Nilikuwepo. Blaž."